Usizibe hicho kitundu: maswali yenu kuhusu maji yanayorudi nyuma kwenye bomba

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mpira wa maji ukiachwa umezama kwenye pipa au beseni, afu presha ya bomba la mtaani ikashuka, yale maji ya kwenye pipa yanarudi kuingia kwenye bomba. Basi meseji zimemiminika. Wengine hawakuamini, wengine wameleta visa vyao, na wasomaji wetu walioko Marekani na Oman wameuliza mambo ya huko ambayo ukiyaangalia vizuri yanatuhusu na sisi huku. Nimechagua machache na nimeyafupisha, maana kuna mtu kaandika kurasa nzima.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa malori, nipo Texas, mwaka huu mimi na mke wangu tumenunua RV ya mkono wa pili, ile nyumba ya kuvuta na gari, tunazunguka nayo na watoto likizo. Kila nikiosha tenki la choo kwa kuchomeka mpira kwenye ule mdomo wa pembeni, maji yanachuruzika ndani ya kabati la bafuni. Nimefungua ukuta nikakuta kidude cha plastiki kimesimama juu, kimeungana na mipira miwili, kina kofia, na maji yanatokea hapo chini ya kofia. Rafiki yangu anasema nikitoe niunganishe mipira moja kwa moja, au nipake gundi ya epoksi nimalize kazi. Afu bomba la kempi nalo lina kidude cha shaba mdomoni, nikifunga maji tu kinanimwagia miguuni. Navyo vimeharibika vyote viwili?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Gundi usipake, na mipira usiiunganishe moja kwa moja hata kama rafiki yako alishafanya hivo kwake na mpaka leo hajaona shida.

Hicho kidude chenye kofia ndo vakyumu breka, na kazi yake ni kuingiza hewa, basi. Ukichomeka mpira kwenye ule mdomo wa kuoshea tenki, maana yake bomba la kempi, lile lile wanalokunywa watu wote pale, umeliunganisha na pua za kunyunyizia zilizomo ndani ya tenki la kinyesi. Maadamu maji yanasukuma kuja kwako hakuna tatizo. Ila presha ikikatika ghafla, tuseme bomba kubwa limepasuka huko barabarani au zimamoto wamefungua maji yao, yale maji yaliyomo kwenye mabomba yanaanza kurudi yalikotoka na yanavuta kila kilicho nyuma yake. Na kama tenki limejaa mpaka zile pua zimezama, kitakachovutwa unakijua.

Ndani ya hicho kidude kuna kidiski chepesi kinachopanda na kushuka. Maji yakija kwa nguvu yanakinyanyua, kinaziba matundu ya hewa yaliyo chini ya kofia, maji yanapita kwenda kwenye tenki. Maji yakikatika kidiski kinaanguka, kinakalia njia ya maji, matundu ya hewa yanabaki wazi, na hapo mvuto unakufa kwa sababu kinachoingia ni hewa tu. Hakuna umeme wala programu. Ndo maana wamekipandisha juu ukutani, maana sheria za mabomba za Marekani zinataka aina hii ikae angalau inchi 6, kama sentimita 15 hivi, juu ya sehemu ya juu kabisa ya kitu inachokilisha. Kwaiyo siku ukibadilisha usije ukaiweka chini eti kwa sababu mpira mpya ni mfupi, ongeza mpira.

Sasa kuvuja. Kabla hujanunua mpya jaribu kitu kimoja: fungua maji ya kempi mpaka mwisho. Watu wengi wakiosha tenki wanafungua kidogo kidogo kwa woga, na maji dhaifu hayawezi kunyanyua kidiski, kwaiyo yanatokea kwenye matundu ya hewa na kulowesha kabati. Ukifungua kwa nguvu (na kile kirekebisha presha chako kipo, kati ya psi 40 na 60, psi ndo kipimo cha presha, panatosha) kikakauka, basi ni kizima. Tone mbili tatu mwanzoni na mwishoni ni kawaida yake. Kikiendelea kutoa maji hata ukifungua yote, kuna uchafu au chokaa chini ya kidiski, au mwili wake umepasuka.

Na kwa gari la mkono wa pili mimi ningeshuku kupasuka, kwa sababu hii. Wamarekani wakijiandaa na baridi wanajaza antifrizi, dawa ya maji isiyoganda, kwenye mabomba ya RV kwa kutumia pampu ya gari. Ila njia ya kuoshea tenki la choo haijaungana na pampu, ipo peke yake, antifrizi haifiki kule. Mwenye gari anaona kila koki imetoa antifrizi ya pinki anafunga mlango anaenda zake, kumbe maji yamebaki ndani ya ile njia, yanaganda, yanapasua plastiki. Kwaiyo ukishaweka mpya, kila mwaka kabla ya barafu chukua kompresa, puliza hewa ya presha ndogo kupitia ule mdomo wa pembeni mpaka maji yaishe.

Kuna watakaokushauri uweke chek-valvu, yaani valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, badala yake kwa vile haivuji. Kweli haivuji, lakini kipande kidogo cha chokaa kikikwama mdomoni mwake inabaki wazi na hutajua, ukiiangalia kwa nje ni nzima kabisa. Vakyumu breka ikifa inalowesha sakafu, unaijua siku hiyo hiyo. Mimi naipendea hilo.

Kile cha shaba mdomoni mwa bomba la kempi ni ndugu yake, ila chenyewe kina springi na mpira ndani. Angalia ubavuni utaona pameandikwa ASSE 1011, ndo namba ya viwango vya aina ile. Ukifunga bomba, maji yaliyobaki kwenye mpira wako yanatolewa nje kupitia matundu yake, ndo hayo yanayokumwagikia, ni kizima na kimefanya kazi. Kingekuwa kinarusha maji wakati bomba liko wazi na maji yanapita, hapo mpira wa ndani umechoka, mwambie mwenye kempi. Usijaribu kukifungua, kina skrubu ambayo huwa inakatwa kichwa makusudi ili kisitoke.

Na mpira wa kuoshea tenki la choo usiwe ule ule wa maji ya kunywa. Nunua wa rangi nyingine, uweke kabati tofauti. Afu ukiwa unaosha huku koki ya kumwagia uchafu umeifunga, usiondoke hapo kwenda kupiga stori, tenki likijaa maji yanatafuta njia kupitia bomba la hewa mpaka juu ya paa, au yanapandia chooni ndani.

SWALI: Fundi, mimi niko Minnesota, RV yetu nimechomeka maji ya kempi moja kwa moja, sijajaza tenki la maji safi, lakini linajaa lenyewe mpaka linamwagika chini ya gari. Hii nayo ni vakyumu breka?

JIBU: Hapana, hapo angalia pampu. Ndani ya pampu ya volti 12 kuna chek-valvu ndogo inayozuia maji ya kempi yasipite kinyume kuingia kwenye tenki. Ikikwama, kwa kawaida ni takataka za plastiki zilizobaki tangu gari linatengenezwa, presha ya kempi inapitiliza. Kama gari lako lina koki ya kuchagua kati ya kujaza tenki na kutumia maji, ihakikishe hiyo kwanza, iko upande gani. Kama iko sawa, fungua kichwa cha pampu usafishe, au weka chek-valvu nyingine kwenye bomba linalotoka kwenye pampu. Ukimaliza safisha na tenki, mililita 60 za bleach ya kawaida isiyo na manukato kwa kila lita 57 za maji, zungusha mpaka kila koki inuke klorini, iache ilale, kesho yake suuza mpaka harufu iishe.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama wa nyumbani Kimara, Dar es Salaam. Maji kwetu ni ya mgao, nikisikia bomba linapuliza nawahi kutumbukiza mpira kwenye pipa nalala zangu. Juzi jioni niliacha pipa limejaa kabisa na mpira umo ndani, usiku maji yakakata, asubuhi pipa liko nusu na hakuna aliyechota. Jirani yangu ananiambia ni mambo ya kishirikina. Na kitu kingine, maji yakirudi yanaanza kutoka na rangi ya udongo, ni kwa nini?

JIBU: Habari njema mama yangu. Hakuna mchawi hapo, maji yako yamerudi kwenye bomba na kuna watu bondeni wameyatumia.

Kimara ni mlimani. Maji yakikatika, yale yaliyomo kwenye mabomba yanateremka kwenda nyumba za chini, kila mwenye koki wazi kule chini anayamalizia. Yakiteremka yanaacha nafasi tupu nyuma yake, na bomba lako limeshikana na mpira, na mpira umezama kwenye pipa. Umeshaona vijana wanavyohamisha dizeli kutoka kwenye tenki la gari kwenda kwenye dumu? Wanavuta kidogo kwa mdomo, mafuta yakishaanza kuteremka hayahitaji tena kuvutwa. Pipa lako limenyonywa hivo hivo usiku kucha, mpaka maji yalipofika usawa wa ncha ya mpira, hewa ikaingia, mvuto ukakatika. Nina hakika ncha ya mpira ilikuwa katikati ya pipa, ndo maana limebaki nusu.

Pipa lako lilikuwa na maji safi, hewala. Ila mtaa mzima hauna pipa lako. Kuna mwenye mpira ndani ya beseni la nepi, kuna anayeosha pikipiki na mpira umelala kwenye dimbwi, kuna fundi ujenzi ametumbukiza wake kwenye shimo la kulowekea matofali. Usiku ule ule maji yakikatika na wao wananyonywa, na asubuhi yakirudi yanakuja kwako na kwa watoto wako. Mimi hili jambo linaniuma sana kwa sababu dawa yake haina gharama yoyote.

Dawa yenyewe ni hewa. Ncha ya mpira isifike kwenye maji. Ifunge kwa kamba au kwa waya kwenye mti uliokatiza mdomo wa pipa, ininginie juu ya ukingo. Kanuni ya mafundi ni kwamba nafasi kati ya mdomo wa bomba na ukingo wa chombo iwe mara mbili ya upana wa bomba, na isipungue inchi moja. Kwa bomba lako la nusu inchi basi ni inchi moja, mimi nakwambia weka vidole vinne uwe na amani. Maji yakikata yatakayorudi ni yale machache yaliyomo ndani ya mpira, pipa lako litabaki limejaa, kwaiyo hata kwa faida yako mwenyewe ni bora.

Kama una simtanki, hakikisha bomba la kuingiza maji lenye boya linamwagia kwa juu, na tundu la kumwagia ziada liko chini yake. Kuna mafundi wanashusha bomba mpaka chini kabisa ya tenki eti lisipige kelele usiku. Mwambie akupandishie.

Rangi ya udongo: mabomba ya mtaani yana nyufa, na mengi yamepita kwenye mitaro. Yakiwa na presha yanavuja kwenda nje, yakiwa matupu yanavuta kutoka nje, tope na vilivyomo mtaroni. Maji ya kwanza acha yatiririkie kwenye ndoo ya kudekia mpaka yawe meupe, ndo uanze kujaza ya kunywa, na hata hayo yachemshe au weka dawa ya klorini. Na mwenye busta pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, naomba anisikie na yeye: ile pampu inavuta bomba la mtaa mzima kwa nguvu, inafanya kila ufa njiani uwe mdomo wa kunywea mtaro. Jaza tenki la chini kwa presha ya kawaida, pampu ivute kutoka kwenye tenki.

SWALI: Assalaam alaikum. Niko Maskati, tunaishi jengo la ghorofa tatu, tenki la maji liko juu ya paa. Mama mkwe amekuja kutoka Unguja kututembelea, kila akiona mpira wa shatafu umeangukia ndani ya choo anakuwa mkali, anasema maji ya kuoshea vyombo yameingia najisi. Mume wangu anasema shatafu ina koki yake mwishoni, imefungwa, maji hayawezi kurudi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Waalaikum salaam dada. Bi mkubwa yuko sahihi kuwa mkali, na mume wako ana hoja nusu.

Ile koki ya kidole mwishoni mwa shatafu ikiwa nzima inazuia kweli. Lakini ile imetengenezwa kuzuia maji yasitoke, haikutengenezwa kuzuia uchafu usiingie, na kapira kake kanachakaa haraka. Ukiona shatafu inadondosha matone chooni, ujue ina upenyo, na palipo na upenyo wa kutoka pana upenyo wa kuingia. Sasa tenki la paa likiisha, mtu wa ghorofa ya chini akifungua koki, maji yaliyosimama kwenye bomba la jengo yanateremka, na ninyi wa juu ndo mnaovutwa. Shatafu ikiwa imelala ndani ya maji ya choo saa ile, imekwisha hiyo.

Uingereza kanuni za maji za mwaka 1999 zinagawa maji madaraja matano kwa hatari yake, na maji ya choo yako daraja la 5, baya kuliko yote. Kwa daraja hilo chek-valvu pekee haikubaliki, hata zikiwa mbili zimefuatana, wanataka pawe na nafasi ya hewa. Kwaiyo ukiambiwa dukani koki ya ukutani ina chek-valvu ndani ujue ni nzuri kuwa nayo lakini isikulaze usingizi.

Fanyeni hivi. Kila mkimaliza fungeni koki ya ukutani, msiishie kwenye ile ya kidole, hilo litasaidia pia siku mpira ukipasuka mkiwa safarini nyumba isijae maji. Kishikio cha ukutani kipandisheni, na mpira muukate au mnunue mfupi, kiasi kwamba hata ukidondoka kichwa chake kinaning'inia juu ya ukingo wa choo. Mpira mfupi ndo kinga kubwa kuliko zote hapo. Na mama mkwe mwambieni nimempa haki yake.

SWALI: Fundi, mimi nasoma ufundi bomba VETA. Mwalimu anatufundisha haya mambo lakini darasani tunabishana, wengine wanasema ni nadharia tu za vitabuni. Kuna mahali watu walishaumwa kweli?

JIBU: Walishaumwa na walishakufa, mwanangu. Mwaka 1933 Chicago walikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, wageni wamejaa mahotelini. Wageni wakarudi makwao wakaanza kuugua kuhara damu ya amiba, na kwa vile walishatawanyika nchi nzima madaktari wa huko walikokwenda hawakujua waanzie wapi, wengine wakatibiwa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Mwanzo walishukiwa wahudumu wa chakula. Uchunguzi ulipoingia kwenye mabomba ya hoteli mbili zilizokuwa zinatumia maji kwa pamoja, yakakutwa mabomba ya zamani ambayo maji safi na maji taka yalikuwa yanakutana. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,400 na waliokufa 98. Sheria nyingi za kutenganisha maji Marekani zimepata nguvu baada ya pale.

Kisa cha pili ndo nakipenda kwa kufundishia, maana kila kitu kinaonekana hatua kwa hatua. Agosti 1969, mji wa Worcester jimbo la Massachusetts, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross wanafanya mazoezi. Jua kali, wanakunywa maji ya bomba la uwanjani. Bomba hilo hilo lilikuwa linalisha vinyunyizio vya majani vilivyofukiwa kwenye vishimo ardhini, na watoto wa jirani walikuwa wanachezea kwenye vile vishimo, baadhi yao wana homa ya ini. Siku hiyo nyumba ikaungua karibu na pale, zimamoto wakavuta maji mengi, presha ikaanguka, na maji machafu ya kwenye vishimo yakavutwa kuingia kwenye bomba. Presha ikarudi, wachezaji wakanywa. Katika watu 97 wa timu ile 90 waliambukizwa. Walicheza mechi mbili wakafungwa zote, msimu wao ukafutwa.

Angalia hapo. Hakuna bomba lililopasuka, hakuna fundi aliyeunganisha maji taka na maji safi, hakuna aliyefanya ubaya. Kulikuwa na kinyunyizio kilicho chini kuliko ardhi, bila vakyumu breka, na moto nyumba ya jirani. Waonyeshe wenzako hicho kisa, na waambie wahesabu ni mambo mangapi ya namna hiyo yapo kwenye mtaa wanaoishi.

SWALI: Sasa fundi, nko Ruiru hapa Kenya. Nimeweka solar ya maji moto ya lita 200 kwa roof, inapata maji kutoka kwa tenki ya juu. Maji moto yalikuwa yanarudi kwa tenki ya baridi, so plamba akaniwekea non-return (chek-valvu). Saa hii tenki ya baridi iko sawa lakini ile valvu ya usalama ya solar inatoa maji kila mchana, ukuta umeloa. Plamba anataka kuziba. Ni sawa?

JIBU: Usikubali, ndugu, na umwambie leo. Ile valvu ikizibwa umeweka bomu juu ya paa.

Maji yakipata joto yanaongezeka. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 mchana zikafika 80 zinaongezeka karibu lita 5. Zamani hizo lita 5 zilikuwa zinarudi kwenye tenki ya baridi, ndo ile uliyoiona. Saa hii non-return imefunga njia, na maji hayabonyezeki, kwaiyo presha inapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka. Valvu yako haijaharibika kabisa, ndiyo kitu pekee kilichobaki kinachokulinda.

Kwa solar inayolishwa na tenki ya juu, dawa rahisi ni bomba la kupumulia: litoke juu ya solar, lipande juu kuliko maji ya tenki ya baridi, mdomo wake uwe wazi na ukunje kuelekea chini. Lisiwe na koki yoyote, yaani yoyote. Plamba ahakikishe kwanza kwamba solar yako ni ya aina inayokubali kuachwa wazi hivo. Kama ni ya presha, weka tenki dogo la kupokea maji yanayotanuka, lile lenye mpira na hewa ndani, upande wa maji baridi kati ya non-return na solar. Na bomba la valvu ya usalama lipeleke mpaka chini mahali pa wazi ambapo hakuna mtu anapita, maana yakitoka ni ya moto.

SWALI: Shikamoo. Nalima viazi Njombe, natumia bomba la mgongoni kupulizia dawa. Nachanganya dawa afu naingiza mpira wa bomba la kijiji ndani ya tenki la dawa ili povu lisiwe jingi. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba mkulima. Ubaya upo, mkubwa, acha leo hii. Bomba la kijiji linatoka mlimani, likikatika ukiwa umezamisha mpira kwenye dawa, dawa inaingia kwa jirani yako anayepika ugali, na sumu ya shambani haiondoki kwa kuchemsha. Chota maji kwa ndoo, mimina kwenye tenki taratibu, dawa iweke maji yakifika nusu, afu malizia. Povu halitakuwa tatizo. Ndoo hiyo iwe ya kazi hiyo tu.

SWALI: Kaka, mimi niko Ohio, nataka kumtumia mzee wangu Tanga hivyo vidude vya shaba vya kuweka kwenye bomba la bustani. Hapa kimoja hakifiki dola 20. Vitafaa?

JIBU: Wazo zuri sana ila usinunue bado. Bomba za bustani za Marekani zina meno yake peke yake, zile za robo tatu zina meno 11 na nusu kwa inchi, na bomba za Tanga zimefuata vipimo vya Kiingereza, robo tatu yake ina meno 14. Ukilazimisha itashika mizunguko miwili itakwama na itavuja. Tafuta inayosema BSP, ndo hivyo vipimo vya Kiingereza, au tuma na adapta, na umwombe mzee akupimie kwanza kama bomba lake ni la nusu au robo tatu.

Mwelekeze pia kwamba kikishafungwa, akimaliza kumwagilia afunge bomba lenyewe. Asiache bomba wazi huku amefunga kwa bastola ya mwisho wa mpira usiku na mchana. Vidude vya aina hii havikutengenezwa kukaa na presha zaidi ya saa 12 mfululizo, mpira wa ndani unajishika pale ulipokaa, na siku maji yakirudi nyuma haufunguki. Kukipima ni rahisi: afungue bomba mpira ujae, afunge bomba, aachie bastola maji yapungue. Kikimwaga maji kidogo kupitia matundu ya ubavuni ni kizima. Kikikaa kikavu kabisa huku mpira bado umejaa, akibadilishe.